Baridi ya Tseikuru

Ninyi mnaokuja kukalia kiti changu nyuma ya ile ambulensi, msikiamini. Skrubu moja imelegea na gari likipiga kona kinahama nanyi. Kibaneni kwa goti la kushoto, mikono ibaki kwa mgonjwa. Dirisha la kulia halifungi mpaka ulisukume kwa kiganja. Na mkikuta hita imewashwa, iacheni. Mtaambiwa ni wazimu, hita katika Tseikuru, mahali ambapo mbuzi hugombania kivuli cha gari. Iacheni hata hivyo, na sababu yake nitawaambia.

Mimi nimestaafu. Chekeni tu, bado sijatimiza miaka thelathini na kichwani sina mvi hata moja. Lakini mkataba uliisha, haukuongezwa, nikarudi nyumbani, mjini Wote, na sanduku moja na kipimo changu cha presha. Sokoni watu wananiuliza, "Siku hizi uko?" kwa sauti ileile wanayowauliza walimu wakuu waliotoka kazini. Basi nimeamua kuongea kama wao, kwa sababu nilipoanza kazi hakuna aliyeniambia lolote, na mimi ni mtu ambaye asipoambiwa hujijazia mwenyewe, na hujijazia mabaya.

Mutinda, dereva ambaye mtamkuta hapo, alikuwa akisema kwamba mimi humzika mgonjwa mara nne kabla hatujafika hospitali, halafu mgonjwa anashuka akitembea na kuuliza choo kiko wapi. Ni kweli. Nilikuwa nikikaa nyuma nikiwaza: dripu ikitoka? Tairi likipasuka? Na likipasuka wakati dripu imetoka? Siwaambii muache kuwaza. Nawaambia wazeni mkono ukiwa kazini.

Mutinda ndiye aliyenifundisha habari ya maombi. Kule, mgonjwa hapakiwi akaondoka hivihivi. Majirani watakusanyika, mchungaji ataitwa, na kila mtu atafumba macho wakati mgonjwa anavuja damu. Siku zangu za kwanza nilisimama pale na mlango wazi, nasubiri Amina ambayo haiji, naogopa kumkatiza mtu anayezungumza na Mungu. Mutinda hakumkatiza mtu. Alimshika mchungaji mkono kwa heshima, akamwambia, "Pasta, ingia mbele, uombe gari likitembea." Pasta akaingia. Alikuwa na mambo mengi moyoni. Alipofumbua macho tulikuwa tumevuka vijiji viwili, na ikabidi apande pikipiki kurudi. Tangu siku hiyo maombi yake yakawa mafupi na matamu. Ninyi fanyeni vivyo hivyo. Msiwakataze watu kuomba. Wapeni kiti.

Sasa kuhusu umri wa watu, kwa sababu najua mmetoka chuoni na michoro kichwani.

Chuoni, mwalimu mmoja alituonyesha ukutani nchi za dunia zilivyopangwa kwa miaka ambayo mtoto aliyezaliwa huko anatarajiwa kuishi. Nchi tajiri juu kabisa, sisi huku chini, na wengine chini yetu. Nilirudi nyumbani likizo na hofu. Nilimtazama nyanya yangu akipepeta ndengu, nikapiga hesabu, nikaona ameupita mstari wetu zamani. Nikaanza kumfuata nyuma kila anakokwenda, nikimtazama anavyopumua.

"Unaniangalia nini?" akauliza.

"Hakuna, susu." Susu ndivyo tunavyowaita nyanya zetu huku.

"Kama hakuna, shika ungo."

Ilinibidi nifike Tseikuru ndipo nielewe ule mchoro. Ile namba si kengele inayomlilia kila mtu akifika hapo. Mchukue mzee aliyeishi miaka themanini na mtoto aliyekufa siku aliyozaliwa, wajumlishe, wagawanye kwa wawili: utapata watu wawili wa miaka arobaini ambao hawajawahi kuwepo. Wazee tunao, wengi, na bado wanapepeta. Kinachotuvuta chini zaidi ya vingi vingine ni wale wa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Na wale ndio mtakaowabeba.

Binamu yangu Mumbua yuko ng'ambo, anatunza wazee. Tukiongea kwa simu huniambia habari za bibi mmoja wa miaka tisini na kitu ambaye huvaa kitufe shingoni. Akianguka anakibonyeza, watu wanakuja mbio. Siku moja alibonyeza wakakuta hajaanguka. Chai yake ilikuwa imepoa.

"Wakafanya nini?" nikauliza.

"Wakampashia."

Tulicheka sana. Nilipokata simu kicheko kilikuwa kimeisha. Simwonei wivu yule bibi. Chai ya moto ni haki yake. Ni kwamba wiki ileile nilikuwa nimeketi kando ya mto na kitu kinachopoa mbele yangu, na nilikuwa sina cha kubonyeza.

Siku hiyo ilikuwa hivi. Tuliitwa kwenye kituo kidogo cha afya kilicho ndani zaidi, tumchukue mama aitwaye Mwende. Alikuwa amejifungua kabla ya wakati, mtoto wa kike mdogo kama mfuko wa unga wa kilo mbili ambao umeshatumiwa kidogo. Mwende alivuja damu nyingi mno. Mume wake, Kilonzo, alikuwa mbali, katika mji wa Salama kwenye barabara kuu, anakouzia vipuri vya malori. Aliyekuwa naye ni mama mkwe, Syombua, mwanamke mrefu wa makamo yaliyokwisha kupita, amevaa blausi nyeupe ya kanisani iliyofungwa vifungo mpaka kooni.

Kituo kile kina inkubeta, mashine ya kuwapasha joto watoto njiti. Ilitoka ng'ambo kama zawadi, nzuri, kioo kitupu, lakini kuna kipande ndani kiliungua umeme ulipocheza, na kipande hicho hakipatikani. Wauguzi wanaweka glavu humo. Kwa hiyo mtoto alikabidhiwa Syombua akiwa amefungwa sweta, shali, blanketi na shali nyingine juu, kama kabichi, nasi tukaondoka kuelekea hospitali kubwa ambako kuna damu na kuna mashine zinazowaka.

Ndani ya gari niliingiza mkono kwenye kabichi ile nikagusa unyayo. Ulikuwa baridi. Nikagusa tumbo. Tumbo nalo lilikuwa baridi.

"Mzee Mutinda," nikasema, "mtoto ana baridi."

"Baridi gani, Sista? Mimi hapa shati limeshikana na kiti."

Hapa ndipo wengi hukosea, na si kwa ujinga. Nani atawaza baridi mahali ambapo sandali zinalainika kwa jua? Lakini mtoto kama yule hajui bado kujipasha. Nguo haitengenezi joto. Nguo hutunza joto ulilonalo. Ukimfunga mtoto ambaye ameshapoa, umeifunga baridi ndani. Gusa unyayo kwa mgongo wa mkono wako, kisha gusa tumbo. Unyayo baridi na tumbo moto, harakisha. Vyote baridi, usingoje kufika popote. Dawa yake ni ngozi ya mtu mzima: mvue nguo zote, mwachie nepi na kofia, mweke wima kifuani kwa mtu, miguu imekunjwa kama chura, uso umegeukia upande, umfunge hapo kwa leso, yaani kanga.

Mtu huyo kwa kawaida ni mama. Mwende alikuwa kwenye machela anatetemeka, midomo imepauka, hana joto la kugawa. Mimi nilikuwa na mkono mmoja juu ya tumbo lake la uzazi nalisugua na kulibana, kwa sababu kila nilipolegeza, damu ilirudi. Mutinda alikuwa na usukani. Akabaki mmoja.

"Susu, fungua blausi umweke mtoto kifuani. Ngozi kwa ngozi."

Syombua alinitazama kana kwamba nimemwambia avue nguo katikati ya ibada. "Mama yake si huyu hapa?"

"Mama yake hana damu. Anatetemeka mwenyewe."

"Basi wewe."

"Nikiutoa huu mkono, Mwende anatoka damu tena."

Gari likaruka shimo, nikabana kiti kwa goti. Ndipo aliposema, kwa sauti ya chini, "Mwiitu wakwa, huyo bado ni mgeni."

Mwiitu wakwa ni binti yangu. Alinisemesha kwa upole kabisa. Na hilo neno mgeni mtalisikia. Kwetu Ukambani, zamani, mtoto alipewa jina siku ya tatu. Kabla ya hapo hakuwa wa watu bado. Alikuwa mgeni kutoka kwingine, akiamua kama atakaa. Siku hizi tumeokoka na wengi wataapa kwamba mambo hayo yalikwisha. Hayajaisha mikononi. Utaona mtoto wa jana anashikwa kwa shali, mbali kidogo na kifua, na jina lake ambalo kila mtu analijua halitamkwi. Mtoto wa kwanza wa kike huchukua jina la mama wa baba. Ndani ya gari lile sote tulijua mtoto ataitwa nani. Hakuna aliyesema.

Msikimbilie kuita hayo ushamba. Nilimwambia Syombua kwamba mtoto atakufa asipopashwa. Akaniambia, "Mimi nimezika wawili ambao hawakufika jina. Hao niliwabeba kifuani hapa, usidhani sijui. Maziwa yaliingia siku ya kuzika." Akatazama dirishani. "Ukiniuliza nina watoto wangapi nitakwambia watano. Hao wawili hakuna mtu huuliza."

Nilikuwa na mchoro mzima wa nchi za dunia kichwani, na ulikuwa hautoshi.

Halafu gari likasimama.

Mnaijua mito yetu ya mchanga, inakaa kavu hadi watoto wanachezea mpira humo. Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, sisi hatukupata hata tone, na sasa maji mekundu yalikuwa yanashuka kwa kelele, yamebeba matawi. Mutinda alishuka, akachomeka fimbo pale maji yalipoishia, akarudi.

"Yakiiacha fimbo, tunapita. Yakiimeza, tunarudi nyuma."

"Jaribu sasa," nikasema.

"Sista, nikijaribu sasa utakuwa na wagonjwa watano na mmoja wao ni mimi."

Nikamwambia awashe hita. Akanitazama, akatazama jua, akakizungusha kile kifundo chekundu karibu na redio, ambacho hajawahi kukigusa tangu akabidhiwe gari lile. Likatupulizia vumbi la miaka yote usoni. Alikohoa mpaka machozi. Baada ya vumbi kukaja upepo wa moto, na Mwende akapunguza kutetemeka kidogo. Lakini unyayo wa mtoto nilipougusa tena ulikuwa baridi kama kijiko.

Simu ya Syombua ikalia. Alikuwa Kilonzo, kutoka Salama. Nilisikia malori nyuma ya sauti yake.

"Mama, Mwende anaendeleaje?"

"Yuko. Tumezuiwa na mto."

"Na mtoto?"

Syombua akatazama kile kifurushi mapajani mwake. "Mgeni naye yuko," akasema, na akakata simu kabla mwanawe hajauliza la pili.

Aliyesema lililohitaji kusemwa hakuwa mimi. Ilikuwa sauti kutoka kwenye machela, nyembamba, nikadhani mwanzoni Mwende anaweweseka.

"Mama. Nishikie. Mimi nimeshindwa."

Syombua akakilaza vizuri kifurushi mapajani, akaanza kufungua vifungo vya blausi kutoka juu, kimoja kimoja. Akasita, akapaza sauti kuelekea mbele.

"Wewe dereva! Shuka ukaangalie mto wako."

"Nimeuangalia, mama."

"Ukauangalie tena."

Mutinda akashuka mbio. Kwa mkono mmoja nilimsaidia kumvua mtoto yale maganda ya kabichi. Alikuwa kimya, rangi ya majivu. Syombua alipomweka kifuani alishtuka, akavuta pumzi kwa meno. "Uuu, ni kama samaki!" Lakini hakumwondoa. Nilipitisha leso, nikaifunga mgongoni kwake kwa mkono mmoja na meno. Hiyo ya meno hawatawafundisha chuoni.

Tukasubiri. Hita inavuma, maji yananguruma, mimi nasugua tumbo la Mwende na kuhesabu mapigo ya moyo wake. Nilikuwa nikimwambia Syombua, "Sikiliza kifua chake. Hawa wadogo husahau kupumua. Akisahau, mkumbushe." Alikuwa amefumba macho. Nilidhani anaomba.

Ghafla akafumbua. "Ameacha."

"Msugue mgongo!"

"Ameacha, mwiitu, ameacha—"

Niliinua mkono kutoka kwa Mwende, nikaona shuka linaanza kubadilika rangi, nikaurudisha. Hicho ndicho kipimo cha kazi hii, na sitawapambia: mikono ni miwili, na kuna siku watu watatu wataihitaji. "Msugue kwa nguvu! Mpige nyayo kwa kidole! Muite!"

Na akamwita. Sikutegemea. Nilisema muite kama tunavyosema kila siku, bila kuwaza. Yule mama mkwe aliangusha kichwa chake juu ya ile kofia ndogo, akasugua mgongo kwa kiganja chake kigumu cha jembe, akapiga kelele:

"Syombua! Syombua, we! Amka! Syombua, usiniache tena!"

Jina lake mwenyewe, siku ya kwanza, kando ya mto, bila wanawake wa kumshangilia. Mara ya kwanza hakukuwa na kitu. Mara ya pili hakukuwa na kitu. Mara ya tatu kikatoka kikohozi kidogo kama cha paka, halafu kilio, chembamba, cha hasira.

Mlango ukafunguliwa, Mutinda akachungulia macho yamemtoka. "Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa," Syombua akasema, anavuta leso. "Na nilikwambia uangalie mto."

"Nimeuangalia. Maji yameiacha fimbo."

Alitangulia kwa miguu, suruali imekunjwa, anapima mchanga hatua kwa hatua, kisha akarudi kwenye usukani. Tulivuka maji yakigonga mlango. Sikuwaza habari ya tairi. Njia nzima Syombua alikuwa akiongea na kifua chake, anaulizia, anagomba, anamweleza mtoto nani anakaa wapi na shamba la nani linapakana na lipi, na kila aliponyamaza nilimwangalia, naye akaniambia bila mimi kuuliza, "Anapumua."

Hospitalini walikuwa wanangoja. Mwende alipelekwa akatundikiwa damu, na jioni hiyo midomo yake ikawa midomo. Muuguzi mmoja kijana, wa rika lenu, alikuja kwenye benchi alipokaa Syombua.

"Susu, tupatie huyo mgeni wetu, tumweke kwa mashine."

Ni namna ya kawaida ya kusema. Husemwa katika kila wodi ya uzazi. Syombua aliifunga blausi juu ya mtoto kwa mikono yote miwili.

"Mgeni ni wewe," akasema. "Huyu ni Syombua. Mpime hapa hapa."

Yule kijana akanitazama mimi. Niliinua mabega. Akapiga magoti mbele ya benchi, akaingiza mgongo wa mkono chini ya blausi, akatafuta unyayo. Akagusa na tumbo.

"Ana joto," akasema, kama mtu aliyetegemea jibu jingine.

Tulirudi Tseikuru kesho yake, mchana, gari tupu, jua limekaa juu ya kioo. Ule mto ulikuwa umekauka tena na kulikuwa na watoto wanacheza ndani. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye soksi. Mutinda naye alikuwa analifuta kwa kofia yake. Hita ilikuwa bado inavuma tangu jana, na hakuna kati yetu aliyenyoosha mkono kuizima.